Mwaka wa Kutomwona Mshamu

Sitawachosha na habari za njia. Nilifika, basi, na anayetaka kujua nilipitia wapi awaulize waliowahi kupotea kama mimi. Ninachotaka kuandika ni habari za nchi ya Tabakani, ambako nilikaa siku kumi na nane, nikajifunza kazi nusu na adabu robo.

Kilichonipeleka ni aibu. Mimi naitwa Singano, na studio yangu ya picha ipo Korogwe. Kwa miaka ishirini nimepiga picha za pasipoti na za harusi bila lawama. Kisha binti yangu akaniwekea kwenye kompyuta programu ya kurekebisha picha, akasema, "Baba, dunia imebadilika." Nikaanza kwa kumwondolea chunusi bibi harusi mmoja. Chunusi ikatoka. Ikatoka pamoja na pua. Nilipohangaika kuirudisha pua, mama mzazi wa bibi harusi, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akatoweka, na mpaka leo familia ile ikiniona sokoni hugeuza njia. Wenzangu wa kazi wakaniambia, "Tatizo lako, Singano, huyajui matabaka ya picha." Nikauliza yanafundishwa wapi. Ndivyo nilivyofika Tabakani.

Langoni nilipokewa na karani wa Idara ya Madoido. Alikuwa na meza ndefu iliyopangwa vivuli, ming'ao, ukungu na mistari ya dhahabu ya kuzungushia mwili. Akaniambia kila mgeni ana haki ya kuchukua atakacho, bure. Mimi ni mtu wa kiasi, waulizeni wanaonijua, lakini neno "bure" lina nguvu zake. Nikachukua vyote.

"Una uhakika?" akauliza.

"Ndiyo."

Niliingia mjini ninawaka kama jiko la mkaa, nina vivuli vitatu vinavyogombana, nimezungukwa na mstari wa dhahabu, na mashavu yameinuliwa juu kama maandazi. Watu walisimama milangoni kunitazama. "Mgeni huyo!" walisema, na hapakuwa na haja ya kuuliza wamejuaje. Kumbe kila anayekuja kwa mara ya kwanza huingia hivyo hivyo, na wenyeji huwapeleka watoto wao kwenye lango la mji siku za mapumziko ili wacheke. Ilinichukua siku tatu kuvivua, kimoja kimoja, huku kila kimoja kikiniuliza kama nina uhakika.

Sasa nieleze nchi yenyewe. Watu wa Tabakani wanaamini kwamba nchi yao yote ni picha moja, nao huiita Picha Kuu. Inatazamwa na nani, sikuambiwa. Kila niliyemuuliza alinyoosha kidole juu na kubadilisha mazungumzo. Kila raia ameandikwa katika tabaka lake, na matabaka yamelaliana kama chapati kwenye sahani. La chini kabisa linaitwa Usuli. Humo wamo wachota maji, waashi, wafagiaji na walimu. Tabaka la Usuli lina kufuli, na kwa sheria halisogezwi hata unywele. Juu yao wapo watu wa maofisini, na juu ya hao, juu ya kila mtu, wapo watu wa Maandishi, ambao hawafanyi kazi yoyote ila kusomeka. Niliwaeleza kwamba kwetu neno "tabaka" lina maana mbili, ile ya kitu kilicholalia kingine na ile ya watu wenye nacho na wasio nacho. Wakanisikiliza kwa upole, wakaniuliza tofauti iko wapi.

Wana pia Sheria ya Nuru, inayosema kwamba mwanga lazima utoke juu kushoto. Vivuli vyote vya serikali huangukia chini kulia, asubuhi na jioni. Jua halifuati sheria hiyo, na kila siku saa sita mchana afisa mmoja huliandikia barua ya onyo. Nilionyeshwa chumba kizima cha nakala za barua hizo, zimepangwa vizuri sana.

Lakini jambo lililonishangaza zaidi ni hilo swali la "Una uhakika?" Huko huwezi kununua kitunguu, kufunga dirisha wala kumuaga jirani bila kuulizwa. Na kwa kuwa wameulizwa tangu utotoni, hakuna anayelisikiliza swali mpaka mwisho. Ukifungua mdomo tu na kusema "Je," mtu keshajibu ndiyo. Nilimuuliza muuza mkate, "Je, mkate huu ni wa juzi?" Akasema ndiyo kwa uchangamfu mkubwa, akanifungia.

Nilipangishwa nyumbani kwa Bi Siwatu, mwalimu wa wageni wanaoanza kujifunza matabaka. Alikuwa mama wa makamo, mnyoofu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na sauti ya kuzoea darasa. Nyumba ilikuwa ndogo. Uani palikuwa na meza, na mezani palikuwa na mzee mmoja mwenye vumbi la chokaa kwenye nyusi, amevaa kanzu iliyotoboka kiwiko, anakoroga uji.

Nikafanya anachofanya mtu aliyelelewa. "Shikamoo, mzee."

Kijiko kikamponyoka. "Marahaba," akasema. "Marahaba sana. Hebu rudia."

"Shikamoo."

"Marahaba! Tena, tafadhali."

Nilimwamkia mara nne, na mara ya nne machozi yalikuwa yanamtiririka. Nikamgeukia mwenye nyumba. Bi Siwatu alikuwa anatazama ukuta.

"Mgeni," akasema polepole, "unaongea na kiti."

Nilidhani ni utani, nikacheka. Hakucheka mtu. Ilipofika mchana Bi Siwatu akapika ndizi, akapakua sahani tatu, akasema kwa sauti kubwa, "Leo tena nimepika nyingi kwa bahati mbaya. Hii nitaiweka hapa ipate upepo." Akaiweka mbele ya yule mzee, ikiwa na kipande cha nyama kikubwa kuliko changu. Mzee akala. Sahani ilipokuwa tupu, mama akaichukua. "Upepo wa nchi hii!" akasema. "Haubakizi kitu."

Habari yenyewe niliielewa siku ya somo la kwanza. Bi Siwatu alinipa karatasi angavu kadhaa, unaona moja kupitia nyingine, akanifundisha kuzipanga juu ya picha ya nyumba. Kila karatasi ilikuwa na jicho dogo limechorwa pembeni. Jicho likiwa wazi, karatasi inaonekana. Ukilifumba, haionekani.

"Kabla hujapaka rangi jiulize, umeshika tabaka gani?" alisema. "Wanaoanza wote hukosea hapo."

Mimi sikujiuliza. Nilipaka uzio saa nzima, na uzio hautokei. Nikaongeza rangi, nikabonyeza brashi kwa hasira, nikaisema vibaya brashi na aliyeitengeneza. Hakuna kitu. Nikamwambia mwalimu kwamba vifaa vyake ni vibovu. Akanyoosha kidole chake chembamba akafumbua jicho la karatasi ya tatu, na uzio wangu wote ukatokea, mapigo mia mbili ya brashi, unatisha kuutazama.

"Ulikuwepo muda wote," nikasema.

"Kilichofichwa hakijafutwa, bwana Singano. Hilo ndilo somo la kwanza." Akavua miwani kuifuta, na bila kuniangalia akaongeza, "Hata mtu."

Kisha akanieleza, kwa kuzungukazunguka, kama anayeeleza habari za jirani. Kila mwaka huwa na Siku ya Kubanwa. Matabaka yote hugandamizwa kwa mhuri mmoja mkubwa yawe kitu kimoja, Picha Kuu ihifadhiwe, kisha maisha yaanze tena upya. Msoma Maswali husimama uwanjani na kuwauliza wananchi maswali manne, nao hujibu ndiyo mara nne na kwenda kula. Mwaka uliopita, baada ya ile ndiyo ya nne, mwashi mmoja wa Usuli aliinua mkono. Akasema, "Samahani, swali lilikuwa nini?"

"Basi?"

"Basi. Jioni yake wakamhamishia tabaka la peke yake na kulifumba jicho. Tangu hapo hayupo. Ukimwona, na lako linafumbwa." Akavaa miwani. "Alikuwa anaitwa Mshamu. Alikuwa mume wangu."

Nyuma yake, kwenye kiti, Mshamu alinipungia mkono.

Niliuliza kwa nini wasiondoke tu, wote wawili. Mshamu mwenyewe ndiye aliyenijibu, Bi Siwatu alipoingia ndani. Alikuwa amejaribu. Lakini mlinzi wa lango hawezi kumfungulia mtu asiyemwona, na mlinzi yule ni mwaminifu sana katika kazi yake.

"Na Siku ya Kubanwa, kwako itakuwaje?"

"Swali la nne ndilo hilo," alisema. "Nilikuja kulisoma baadaye, kwenye ubao wa nyuma ya ofisi, maana mtu asiyeonekana anaingia popote. Linauliza kama waliofichwa watupwe. Tukishatupwa huko jaani nyuma ya ukuta wa mji hakuna kurudishwa, hata hatua moja. Na kila mwaka wanasema ndiyo. Mimi nimesema ndiyo miaka thelathini na mbili, mwanangu. Sijui nimewatupa wangapi."

Ilikuwa Jumatatu. Kubanwa kulikuwa Ijumaa.

Mimi ni mtu wa kupenda ofisi, naamini kila jambo lina dirisha lake. Nikaenda Ofisi ya Macho kuomba jicho la Mshamu lifumbuliwe. Afisa niliyemkuta alikuwa anaonekana kwa asilimia thelathini tu. Sitanii: kupitia kifua chake niliuona mgongo wa kiti, na koti lililotundikwa, na kalenda. Aliniambia huko watumishi huja kazini kwa asilimia wanayoona inatosha, na kwamba mkuu wake siku hiyo amekuja na asilimia nne, nikitaka kumwona nikodoe macho.

"Ombi lako ni zuri," alisema. "Lijaze kwenye fomu hii, kisha mwombaji mwenyewe alete sahihi yake hapa, tumwone."

"Hamwezi kumwona. Ndiyo maana anaomba."

"Basi hajatimiza masharti."

Nilimuuliza kama walau maneno ya swali yanaweza kugeuzwa, lisomwe "Je, waliofichwa wabaki?", ili hao wananchi na ndiyo yao wamwokoe mtu bila kujua. Alifikiri mpaka akafika karibu asilimia arobaini. Akasema swali halibadilishwi, ila jibu linaweza. Kitabu cha sheria kinaruhusu. Ni neno moja tu ambalo halijatumika siku nyingi, na yeye mwenyewe halikumbuki vizuri, ila linaanza na "ha".

Nikarudi mbio. "Mwalimu, sema hapana! Ijumaa, kabla hawajabana. Ukisema hapana inatosha."

Bi Siwatu akakaa chini. "Ha..." akasema. "Haya."

"Hapana."

"Hapa... hapa ni nyumbani kwangu."

Tulifanya mazoezi siku tatu. Sijawahi kumwona mtu mwenye akili kiasi kile akishindwa na neno jepesi kiasi kile. Alilisema "hapandi", akalisema "hapawi", akalikaribia kabisa akapiga chafya. Kila aliposhindwa alijibu "ndiyo" kwa mazoea na kujipiga paja kwa hasira. Siku ya tatu Mshamu hakuvumilia.

"Ha-pa-na," alisema kutoka kwenye kiti. "Lisemee puani, kama ulivyokuwa ukinikataza sukari."

Bi Siwatu alikaza macho ukutani. "Upepo wa leo una maneno," akasema. Halafu, polepole: "Hapa-na."

"Tena."

"Hapana."

"Kijiko cha pili, Siwatu, nataka kijiko cha pili!"

"Hapana!" akafoka, kisha akafunika uso kwa mtandio na kwenda kusimama jikoni. Mimi na Mshamu hatukutazamana.

Ijumaa asubuhi uwanja ulijaa. Watu wa Maandishi walielea juu wakisomeka. Usuli walisimama chini, na mbele yetu palikuwa na mhuri wa chuma ukubwa wa nyumba, umening'inizwa kwa minyororo. Pembeni mwa uwanja, nyuma ya kamba, walikusanyika waliofichwa, sabini au themanini, nao watu walipita karibu yao wakiongea mambo ya mvua. Mshamu alikuwa mstari wa mbele na ile ile kanzu.

Msoma Maswali alipanda jukwaani. Alikuwa anaonekana kwa asilimia mia moja, na kivuli chake kilifika mpaka sokoni.

"Je, mnataka Picha Kuu ihi..."

"NDIYO!"

"Je, ihifadhiwe kwa jina lile..."

"NDIYO!"

"Je, mna uha..."

"NDIYO!"

Naomba nikiri jambo. Sauti ya watu elfu nyingi wakisema neno moja inakuingia mwilini kama ngoma. Lilipokuja la nne, "Je, matabaka yaliyofichwa yatu...", uwanja wote ukasema NDIYO, na nikasikia sauti moja nene, ya Kikorogwe, ikisema nao. Ilikuwa yangu. Nilijua swali, nilijua jibu, nilikuwa nimelifundisha jibu hilo siku tatu. Nikasema ndiyo. Minyororo ikaanza kulia.

"Hapana."

Halikuwa neno la kelele. Lakini lilikuwa geni kiasi kwamba watu waliruka kama waliomwagiwa maji. Msoma Maswali aliinua mkono na minyororo ikasimama. Alifungua kitabu chake, akafunua ukurasa uliokuwa umegandamana na mwenzake tangu ulipochapwa, akaubandua kwa ukucha.

"Akitokea wa kusema hivyo," akasoma, "asomewe swali lote." Akakohoa. "Je, matabaka yaliyofichwa yatupwe, pamoja na wote waliomo?"

Niliona mwanamume mmoja wa makamo akimuuliza mkewe, "Pamoja na nini?" Walikuwa wamejibu swali lile tangu ujana wao na hawakuwahi kufika kwenye maneno hayo.

"Mama," Msoma Maswali akamwambia Bi Siwatu, "sema sababu. Huko kumefichwa, na kwa sheria hakuna mtu. Au wewe unaona mtu?"

Hapo ndipo nilipoelewa mtego. Akisema haoni, mhuri utashuka. Akisema anaona, jicho lake nalo litafumbwa, na mwaka ujao atatupwa. Nilitaka kumwambia anyamaze. Nilitaka pia aseme. Yeye alikuwa ameshika miwani yake kwa mikono miwili.

Akaivaa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutafuta ukuta wa kutazama, akageuza uso na kutazama upande wa kamba.

"Namwona," akasema. "Namwona mume wangu Mshamu. Amesimama pale, amevaa kanzu iliyotoboka kiwiko. Nilimwekea mpya kitandani tangu jana, na hakuivaa! Siku ya kutupwa mtu unakuja na kanzu iliyotoboka? Watu watasema huna mke?"

"Ile inanibana kwapani," Mshamu akasema.

"Si ungesema!"

"Ningesemaje, Siwatu? Mimi ni upepo!"

Mtu mmoja akacheka. Kisha muuza mkate wangu akavuka uwanja hadi kwenye kamba, akasema, "Kama ni hivyo na mimi namwona dada yangu. Amekonda." Akaanza kulia kwa sauti. Na mwingine akamwona mpangaji wake, na mwingine akamwona mwalimu wake wa zamani, akaficha sigara. Majina yalitoka pande zote. Maofisa wa Ofisi ya Macho walitazamana, maana jicho la kuwafumbia watu elfu nyingi halikuwa limetengenezwa, na yule wa asilimia thelathini, aliyekuwa karibu nami, nilimwona anakolea taratibu mpaka nikashindwa kuona kilicho nyuma yake. Alikuwa anamtafuta mtu kati ya waliofichwa.

Msoma Maswali alirudi kwenye ule ukurasa. Chini kabisa aliona neno jingine ambalo hata yeye alilisoma kwa herufi. "Gha-i-ri," akasema, akafunga kitabu, akashuka jukwaani. Mhuri ulifunikwa magunia. Nilivyoambiwa, sheria haikufutwa. Kamati imeundwa kuchunguza kama neno lile lilisemwa kwa utaratibu, na imekwisha kujibu ndiyo kwa maswali yake yote.

Tulirudi nyumbani watatu kwa miguu, na sijapata kusikia mke akimgombeza mume namna ile. Alikuwa na mwaka mzima moyoni. Alimgombeza kwa matope aliyoingiza nayo mwezi wa tatu, kwa kukoroma, kwa kula sahani ya mgeni wa Idi, kwa kuumwa homa siku nne bila kulalamika ili yeye asipate kisa cha kuita daktari. Alipofika kwenye homa, sauti ilikatika. Mshamu alitembea ubavuni kwake anasema, "Kweli. Ndivyo. Nimekosa, mke wangu," na kila alipogombezwa uso wake ulizidi kung'aa, bila doido lolote.

Mlangoni Bi Siwatu akasimama, akafuta miwani, akanigeukia mimi.

"Na wewe, bwana Singano," alisema. "Lile la nne. Nilikusikia."

Nilikaa uani nimeinamisha kichwa mpaka chakula kikaiva, naye akapakua sahani tatu, na ile yenye nyama kubwa akampa mumewe mkononi, wakitazamana.